Kumfuata Zuwena wa Macho

Tangu nirudi Unguja sijakaa kitako. Huyu anakuja kuchukua zawadi yake, yule anakuja kuonja halua, na wote wanamalizia kwa suali lile lile: Zuwena alikuja, hakuja? Nimesimulia vipande vipande, mpaka juzi muuza samaki akanisimulia mimi safari yangu mwenyewe, ati Zuwena alipokanyaga kizingiti taa zote za nyumba zilizimika. Basi kaeni niwaandikie mara moja, na atakayeongeza chumvi baada ya hapa asije kunitaja mimi.

Za tiketi na mihuri sizisemi, hazina utamu. Nianze na mwanangu Ruwaida, ambaye mnajua aliolewa Nizwa, kule kwa Waarabu. Mwaka huu Mungu kampa mtoto wa kiume, mjukuu wangu wa kwanza. Siku aliyojifungua alinipigia simu akiwa hoi, akaniambia, "Mama, nimezaa kitu kibaya, hakitazamiki." Nikalia kwa furaha. Kwetu mtoto mchanga hasifiwi, husemwa mbaya ili jicho la watu lisimpate, na kadiri anavyopendwa ndivyo anavyotukanwa.

Arobaini ilipokaribia akaniomba jambo. Katika ukoo wetu, siku hiyo mtoto hutolewa nje mara ya kwanza akiwa mikononi mwa mwanamke mkubwa wa upande wa mama yake. Mimi nilitolewa na bibi yangu, na Ruwaida alitolewa na mama yangu. Sasa mama yangu hayupo, na mkubwa aliyebaki ni mdogo wake, Mama Zuwena, anayekaa Sur, mji wa pwani huko huko. "Nataka Bibi Zuwena ndiye amtoe," alisema Ruwaida. Hapo sikulia kwa furaha.

Mama Zuwena alipoolewa Ibra alizaa watoto watatu, na wote walimfia wachanga, mmoja baada ya mwengine. Kisha mtoto wa jirani aliyembusu akaugua, na mwengine aliyemsifia nguo akaanguka akavunjika mkono. Watu wakaunganisha. Wakasema jicho lake limekula wake na sasa linakula wa wenzake, wakamwita Zuwena wa Macho. Lililoniuma zaidi ni kuwa mwenyewe aliliamini. Mume alipofariki akahamia Sur, na tangu hapo hakumshika wala hakumtazama mtoto wa mtu. Nilipompeleka Ruwaida kwake akiwa mdogo, alizungumza nasi mchana kutwa akiutazama ukuta.

Na jambo jengine mlijue kabla gari halijaondoka: nilisafiri na majitu. Wanafunzi wangu wameniganda niwasimulie wanawake wa kutisha wa Wayunani wa kale, wenye nyoka kichwani na mbwa kiunoni, na muhula ukifunguliwa ndilo somo letu. Kwa hiyo ndege nzima nilisoma habari zao. Mzee wa Pemba aliyekaa ubavuni kwangu, mtu wa tasbihi, alichungulia picha moja akaomba abadilishiwe kiti.

Kutoka uwanja wa ndege mpaka Bidbid

Nilitoka na mizigo yangu nisimwone wa kunipokea. Mjomba Nassor ndiye aliyekuwa anipokee, kitinda mimba wa kina mama yangu, mstaafu wa serikali anayekaa Ibra. Nikasubiri, nikakasirika, nikala mkate wa ufuta wote niliomchukulia yeye. Nilipompata kwa simu, kumbe alikuwa uwanjani tangu asubuhi, lakini juu, kwenye mlango wa wanaoondoka.

"Shikamoo, Mjomba. Huko juu unanisubiri niondoke?"

"Marahaba, Mwalimu. Mara ya mwisho nilikuaga mlango ule, nikasema utatokea pale pale. Yalla, panda, usinitie aibu mbele za watu."

Mjomba haendeshi gari, analitembeza kama mtu anayemsindikiza mgeni. Tulipofika Bidbid, pale njia ya Ibra na Sur inapoachana na ya Nizwa, akasema lazima tule, maana mtu asipokula Bidbid atakula wapi? Tukakaa nje ya mgahawa kwenye viti vya plastiki, tukaagiza mishkaki na chai ya maziwa yenye iliki. Moshi wa makaa ukatufuata kila tulipohamisha viti.

Akaniuliza kitabu kile kikubwa mapajani kina nini. Nikamwambia. Nikamsimulia Medusa, msichana mzuri wa nywele, aliyedhulumiwa ndani ya hekalu na mmoja wa miungu yao ya uongo, na hukumu ikamwangukia yeye: nywele zikageuzwa nyoka, na kila aliyemtazama akawa jiwe. Nikamsimulia Skila, aliyekuwa akioga pwani kwa raha zake, mwanamke mwengine akamwonea wivu akayatia maji sumu, akatoka ana vichwa vya mbwa kiunoni akawa anawanyakua mabaharia.

Mjomba aliacha kutafuna. "Ngoja. Huyu kaonewa, na yule kaonewa."

"Ndiyo."

"Na jitu ni yeye aliyeonewa?"

"Ndivyo walivyosimulia."

"La hawla! Kwani hao hawakuwa na kadhi?"

Nikaanza kumweleza wa tatu, aitwaye Lamia, aliyekuwa akila watoto. Ile nimefika hapo tu, mishkaki ya pili ikaja, na baada yake akatokea mtu aliyefanya kazi na Mjomba zamani, wakashikana mikono na kuulizana habari mpaka za mbuzi. Lamia akabaki njiani hajamalizwa. Kikumbukeni kipande hiki, kitakuja kuniponza.

Kwenye gari nikamuuliza waziwazi kama anaamini maneno yanayosemwa juu ya dada yake. Akalipisha kwanza lori lililokuwa nyuma yetu.

"Dada yangu nampenda," alisema mwisho. "Lakini wanangu nilipowazaa sikumpelekea. Sasa unataka nikujibu nini?"

Ibra, Jumatano ya wanawake

Nyumbani kwa Mjomba nilifanya kosa la ugeni. Mkewe alinitilia kahawa kwenye finjani ndogo, nikanywa, nikamrejeshea. Akatia tena. Nikanywa kwa adabu. Akatia tena. Nilipofika ya sita au ya saba moyo unanienda mbio, nikawa nawaza nyumba hii wana nini na mimi. Mjomba alikuwa akicheka mpaka kofia imekaa upande. Huko ukitosheka huitikisa finjani kidogo kulia na kushoto, ndipo mwenyeji huacha. Usipoitikisa, unamwambia, "Nipo, nitilie."

"Kahawa ya watu hairejeshwi kimya kimya," alisema Mjomba. "Tikisa, mama, tikisa, utatufia."

Kwa ajili ya ile kahawa sikulala, na asubuhi nilikuwa wa kwanza kufika sokoni. Jumatano Ibra kuna soko la wanawake. Wauzaji wanawake, wanunuzi wanawake, na mwanamume hatii mguu. Mjomba alibaki garini na gazeti lake, ananyoosha shingo kama mtoto aliyefungiwa nje. Humo ndani wamekaa kina mama na barakoa zao za kitambaa kigumu usoni, wanauza vitambaa vya rangi za kuumiza macho, udi, mafuta, vikuku, nguo za watoto. Nilikuwa nabishania kofia ya mtoto kwa Kiarabu changu cha madrasa, mara nyuma yangu nikasikia:

"Wewe wa Unguja wewe, muache huyo, njoo kwangu."

Alikuwa bibi anayeuza wanja, Bi Asya, mzaliwa wa Ng'ambo, ameondoka Unguja kigori. Aliniketisha juu ya mkeka wake, akanilazimisha mkate mwembamba wenye asali, akaniuliza za mitaa ambayo myengine haipo tena. Halafu akauliza niko safarini kwenda wapi. Nikamwambia naenda Sur kumchukua Mama Zuwena, akamtoe mjukuu wangu Nizwa.

Mkono wake ukasimama juu ya vichupa.

"Zuwena bint Salim? Aliyekuwa akikaa nyuma ya mfereji wa falaji?"

"Huyo huyo."

Alivipanga vile vichupa upya, ingawa vilikuwa vimepangika. "Tulikuwa majirani. Siku moja nimekaa mlangoni na mwanangu mchanga, nikamwona anakuja. Nikamfunika mtoto kwa mtandio. Wallahi nilidhani nimefanya upesi. Lakini yeye alikuwa keshageuza uso, anatembea huku anaangalia ukuta, akajigonga na punda wa maji. Hakusema kitu. Mwanangu yule sasa ana wajukuu, na mimi mpaka leo nikimkumbuka Zuwena ninaona lile bega lake linajigonga."

Akanifungia wanja katika kijichupa cha shaba, akakataa bei. "Mpe. Macho yake yalikuwa mazuri. Usimwambie nani."

Nilirudi garini nimekifumbata kile kijichupa. Mjomba akafikiri nimepunjwa.

Sur, kwenye mlango wa buluu

Barabara ya kwenda Sur ni nzuri sasa, lakini sisi tulisimama kila penye ngamia. Mjomba haamini kuwa ngamia akishavuka amevuka. Lazima asubiri aone kama atabadilisha mawazo. Tulifika alasiri, unyevu wa bahari ukatupokea, na miwani yangu ikaingia ukungu kabla sijaona nyumba.

Nyumba ya Mama Zuwena ina mlango wa buluu na kelele za kiyoyozi kizee. Alinifungulia mwenyewe. Amekuwa mdogo, nyie. Nilimwinamia nikambusu mkono na kichwa, nikamwamkia shikamoo. Alinishika uso kwa viganja viwili akanitazama vizuri kabisa, maana mimi ni mtu mzima na hana hofu na mimi.

"Marahaba, mwanangu Salma. Umenenepa, alhamdulillahi. Papa tayari."

Alikuwa ametupikia mchuzi wa papa mkavu kwa nazi na ndimu, kama wa marehemu mama yangu, na wali mweupe. Tulikula kwa mkono kwenye sinia moja, sote watatu. Mjomba alilamba vidole akasema hata Unguja hakuna tena papa huyu, na hapo ni kweli, sikumbishia.

Tulipomaliza nikatoa ombi langu. Aliendelea kukunja kitambaa cha kufutia mikono mpaka kikawa kidogo sana.

"Muacheni mtoto akue," alisema.

"Mama Zuwena, Ruwaida ndiye..."

"Nimesikia. Mwambie namwombea kila sala. Dua haina macho."

Nikabembeleza. Nikamletea hoja za shule, nikamletea hadithi na aya. Yeye akanijibu kwa upole ule ule na kuniongeza chai. Siku iliyofuata tulikuwa pale pale, na mimi subira yangu mnaijua, ni fupi kama kibiriti. Hatimaye nikampigia Ruwaida simu nikaiweka sauti kubwa, nikatoka chumbani. Nilisimama nyuma ya mlango, ndiyo, nikasikiliza. Nani asingesikiliza?

"Bibi," Ruwaida alisema, "usipokuja sitoki nje."

"Usiseme hivyo, mjukuu wangu. Mzazi hakai ndani kupita siku zake."

"Basi nitakaa arobaini ya pili. Na ya tatu. Nitanenepa nishindwe kupita mlangoni, na lawama nitakupa wewe."

Hapo nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia kwa Mama Zuwena, kicheko kilichomtoka puani bila ruhusa. Alikuja akanifungulia mlango, akanikuta nimeegemea hapo hapo.

"Nitakuja kwa sharti," alisema. "Sitamshika, sitamtazama. Nitakaa chumba cha pili nile pilau yenu, kisha Nassor anirudishe. Na miwani yangu sivui."

Alikuwa na miwani ya jua, mikubwa, ya kiume. Alipokuwa akiitia mkobani nikampa kile kijichupa cha shaba. Alikifungua, akanusa wanja, akakaa kitandani.

"Huu wa Ibra," alisema. Sikumwambia nani, wala hakuuliza.

Kurudi nyuma, Samail, na mkanda uliokatika Firq

Tuliondoka Sur Ijumaa alfajiri, kwa kuwa alasiri ndiyo mtoto atolewe. Mama Zuwena alikaa nyuma na miwani yake usoni, ingawa garini hamna mtoto. Tuliirudia ile njia ya Ibra mpaka Bidbid, tukakata kuelekea Nizwa. Samail tukasimama kwa sala ya Ijumaa ya Mjomba, sisi tukakaa kivulini penye mitende tukala tende na samli. Nilianza kuamini kuwa tutafika na wakati wetu mkononi.

Firq ni mlangoni mwa Nizwa kabisa, unaweza kusema mguu mmoja upo kwa mkwe wako. Hapo hapo gari likapiga mluzi, likatoa harufu ya mpira ulioungua, likasimama. Bahati pale ndipo penye magereji. Fundi mmoja wa Kihindi aliinua boneti, akavuta mkanda uliokatika, akaninyooshea mimi, kama kwamba ni mimi niliyeutafuna. Wengine wote wa mtaa ule walikuwa wamefunga milango kwa ajili ya Ijumaa, na mkanda mpya ikabidi autafute kwa jamaa yake aliyelala.

Tukakalishwa penye benchi la gereji, kati ya matairi ya zamani na kalenda ya mwaka uliopita. Simu ya Ruwaida ikaja: wageni wameshaanza kufika. Nikawa naenda na kurudi. Mjomba, ili kunituliza, akafungua mdomo wake.

"Mwalimu, yule wa tatu hukunimalizia. Yule anayekula watoto."

Ningekuwa na mkanda mkononi ningemchapa nao. Nikamkodolea macho, naye akaelewa, akawa mwekundu, akaanza kusifu hali ya hewa.

"Nani anayekula watoto?" aliuliza Mama Zuwena.

"Si kitu, Mama. Hadithi za kale za Wayunani."

"Simulia."

"Si za..."

"Salma. Nimeambiwa mengi nyuma ya milango. Hili niambie usoni."

Nikakaa. Nikamsimulia, kwa sababu sikujua njia ya kumdanganya. Nikamwambia Lamia alikuwa malkia wa nchi ya Libya, mzuri, mwenye watoto, ndipo mke wa mkubwa wa miungu yao akamhusudu, akamuulia watoto wake wote. Akalia mpaka sura ikaharibika. Uchungu ukamtia wazimu, akawa anawachukua watoto wa wenzake. Na akalaaniwa asiweze kufumba macho, awaone wanawe waliokufa usiku na mchana. Mwisho akaonewa huruma, akapewa uwezo wa kuyatoa macho yake mwenyewe, akayaweka bakulini ili apate kulala.

Nyundo ya fundi iligonga kitu kule ndani. Mjomba alikuwa anatazama viatu vyake.

"Alizaa wangapi?" aliuliza Mama Zuwena.

"Hawakusema, au mimi sikuona."

"Hawakusema." Alivua ile miwani, akaipangusa kwa ncha ya mtandio, pole pole. Ndipo nikaona. Alikuwa amepaka wanja. Macho yake yalikuwa makubwa na mekundu pembeni, na mazuri, Bi Asya hakusema uongo. "Wa kwangu walikuwa Salim, Khadija na Said. Khadija alikuwa akicheka usingizini. Sijawahi kuulizwa majina yao tangu niondoke Ibra."

Mjomba alijaribu kusema kitu. Alikuwa analia, mtu mzima na ndevu zake nyeupe, benchini Firq. "Dada," alisema, "dada yangu," akajifuta macho kwa kofia.

"Nyamaza, Nassor, fundi atafikiri bei imekushinda." Akairudisha miwani usoni. "Huyo Lamia kala watoto, mimi siwezi kumsemea. Lakini hayo ya kuyatoa macho nayajua. Mimi sikupewa bakuli. Nilinunua miwani."

Nilimshika mkono. Wanangu wa shule nitawasomesha Lamia, inshallah, na nitaanza na majina ya watoto wake, hata kama ni mimi nitakayewapa.

Nizwa, baada ya alasiri

Tuliingia jasho linatutoka, tumechelewa, na Mjomba ana grisi kwenye kanzu. Nyumba ilikuwa imejaa wanawake. Bi Shamsa, mama mkwe wa Ruwaida, ni mtu wa Nizwa asili, Kiswahili amekipata kwa marehemu mumewe aliyezaliwa Pemba. Ni mwanamke wa kazi na wa heshima, lakini mjukuu ni mjukuu. Alimkaribisha Mama Zuwena kwa maneno yote yapasayo, "Hayaki Allah, karibu, nyumba yako," na macho yake yakawa yanapima umbali kati ya mgeni na mtoto.

Mama Zuwena alitimiza sharti lake. Alikataa kuketi juu, akaenda chumba cha pili, akakaa karibu na mlango ameelekea ukutani. Akaletewa tende na kahawa. Alikunywa kidogo, akaiweka finjani chini na kilichobaki.

Basi mtoto akaanza kulia. Watoto hulia, mimi nimelea najua, chumba kilikuwa na joto na watu wote wanamnusa. Lakini alilia kile kilio cha kukaza mgongo, ziwa halitaki, mkono hautaki. Wanawake wakanyamaza mmoja mmoja. Hakuna aliyegeuka kumtazama Mama Zuwena, na kule kutogeuka kulikuwa kubaya kuliko kugeuka.

Bi Shamsa akainuka. Akaingia chumba cha pili kama anayekusanya vyombo, akainama, akaichukua ile finjani yenye masalia ya kahawa. Nilikuwa mlangoni. Mnajua maana yake: anayedhaniwa ana jicho huchukuliwa kwa siri alichokinywa, au maji aliyonawia, akapakwa mtoto ili jicho liondoke. Damu ilinipanda kichwani. Nilitaka kusema neno ambalo lingetuvunjia undugu wa nyumba mbili.

Mama Zuwena alinitangulia.

"Ngoja, Shamsa," alisema bila kugeuka. "Kahawa hiyo ni kidogo, haitoshi. Leta bakuli."

Bi Shamsa alibaki na finjani mkononi.

"Leta bakuli la maji, mwanangu. Miaka yote wanachukua vikombe vyangu wakidhani sioni. Mashuka niliyokalia, makokwa ya tende. Leo usichukue kwa kuiba. Nitanawa mbele yako, uso na mikono, uchukue maji yote ukamwogeshe. Mimi pia nataka apone."

Alisema hivyo kwa upole, hana hasira hata chembe, na aliponyoosha mikono yake mitupu kusubiri lile bakuli, nililia. Sikujificha.

Bi Shamsa hakuleta bakuli. Alisimama akiangalia ile mikono. Kisha akaipeleka finjani mdomoni kwake, akainywa kahawa iliyobaki yote, na machicha.

"Imepoa," alisema. "Samahani, dada yangu. Nimekupa kahawa iliyopoa."

Nyuma yangu alikuwa Ruwaida, na mtoto bado analia. Alipita katikati yetu sote, akapiga magoti, akamweka mtoto juu ya ile mikono iliyonyooshwa.

"Bibi, jua linapungua. Mtoe."

Miwani ilikuwa imemdondoka mkekani alipoinama kumpokea. Mama Zuwena aliyafumba macho kwa nguvu mpaka wanja ukachirizika. Lakini mikono haikusahau. Ilimkusanya mtoto, ikampandisha begani, ikampiga mgongoni taratibu. Mtoto hakunyamaza mara moja, msije mkasema ni muujiza. Alilia, akapiga kwikwi, akalia kidogo, akapata ncha ya kanga akainyonya. Tukamwinua Mama Zuwena. Ruwaida akamshika kiwiko hiki, Bi Shamsa akakishika kile, na hivyo akatembezwa, amefumba macho, kupita kwa wanawake wote mpaka mlango mkubwa wa ua.

Kwenye kizingiti Bi Shamsa akasimama.

"Fungua macho, Zuwena. Mbele kuna ngazi. Utaniangushia mjukuu wangu."

Mama Zuwena alitikisa kichwa.

"Fungua," alisema Bi Shamsa. "Mimi ndiye ninayekwambia."

Akafungua. Alizitazama ngazi kwanza, moja baada ya nyengine, akashuka nazo kwa uangalifu wa mtu aliyebeba maji, mpaka chini kwenye jua la jioni. Hapo ndipo alipomtoa mtoto begani na kumshika mbele yake. Yule mtoto naye akamtazama. Na mimi, mwalimu wa majitu, niliogopa, sitawaficha.

"Ah," alisema Mama Zuwena. "Jitu gani hili? Pua mbaya. Masikio mabaya. Baya, baya kabisa, halitazamiki, mashallah, mashallah."

Na akamtazama mpaka akashiba.